Aliyeniuzia IST hapa Tabora, hizi nyaya ni za nani?

Wakuu, habari za usiku. Naandika mikono ikiwa bado myeusi, kapeti la gari nimelianika uani na viti nimevitoa viko barazani. Miezi mitatu nimehangaika na ugonjwa wa hili gari, na leo jioni nimeuona kwa macho. Nina hasira na sitaificha.

Gari ni Toyota IST ya 2004. Nimenunua hapahapa Tabora kwa milioni 9 na laki 4, kupitia dalali. Kadi nilikwenda kuihakiki TRA kwanza, ilikuwa safi. Dalali aliniambia, "Mdogo wangu, hili ni gari la mama mwalimu, nyumbani na shuleni, nyumbani na shuleni, basi." Mwenye gari mwenyewe nilimuuliza mara mbili, mke wangu akisikia, kama kuna mtu aliwahi kugusa umeme wa gari hili. Akasema halijaguswa hata taa. Hilo neno lake nalikumbuka lilivyo.

Wiki ya pili tu betri ikaanza kulala. Naegesha Ijumaa jioni, Jumapili asubuhi tunataka kwenda kanisani gari linatoa tik-tik tu. Fundi wa kwanza, gereji yake chini ya mwembe, akaangalia betri kwa macho akasema imechoka. Nikanunua mpya, 165,000. Siku kumi hazikuisha, hali ileile. Fundi wa pili akasema alteneta, ile inayochaji betri. Akaifungua, akabadilisha kaboni, 70,000. Hakuna kati yao aliyeshika mita. Hili linaniuma mno: mtu anakwambia umeme unapotea, na hajaupima! Ile alteneta nimekuja kuipima baadaye, inatoa volti 14.1 injini ikiwaka. Na kaboni zile za zamani nilipewa nikaziweka, hazikuwa zimeisha hata nusu.

Ya betri peke yake ningeyavumilia. Kilichonifikisha hapa ni siku ya Puge.

Tulikuwa tunakwenda msibani Nzega, mama yangu amekaa mbele, mke na mtoto nyuma. Tumeipita Puge kidogo, gari likazima katikati ya mwendo, na nyuma yetu lori linakuja. Breki zikawa ngumu. Nikalitoa pembeni kwa mwendo uliobakia, lori likapita likipiga honi mpaka vioo vikatetemeka. Nikawasha, stata inazungusha vizuri kabisa, injini haishiki. Tukakaa pale juani, mama ametandika kanga chini ya mti, na mazishi hayamsubiri mtu. Baada ya kama dakika 40 likawaka kana kwamba halikuwa na neno. Tulifika watu wameshatoka makaburini. Aliyezikwa ni mdogo wake mama.

Likarudia tena wiki iliyofuata njia ya Urambo. Fundi wa tatu akanibadilishia plagi zote nne, 60,000. Halikupona. Akasema basi ni pampu ya mafuta, 95,000. Halikupona. Pampu ya zamani ninayo hapa, nimeiunga moja kwa moja kwenye betri, inazunguka vizuri tu.

Sasa sikilizeni leo tumekuta nini.

Kuna kijana wa mtaani kwetu, amesomea umeme wa magari VETA, hana hata gereji. Alikuja na mita yake na taa ya kichwani. Akafunga milango yote, akatoa kichwa cha hasi cha betri, akaipitisha mita katikati, akasema tusubiri nusu saa kwanza ili gari lilale. Gari zima lililolala halitakiwi kula zaidi ya 0.05 ya ampea. La kwangu lilikuwa linakula 0.62. Pigeni hesabu: betri ya Ah 45, yaani ya kutoa ampea moja kwa saa 45, siku tatu imekwisha hadi tone la mwisho, na kabla haijafika hapo stata imeshakosa nguvu. Kitendawili cha Jumapili kikawa kimeteguka kwa kipimo kimoja ambacho mafundi wawili waliolipwa hawakukifanya.

Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja. Kwenye nafasi ya fyuzi ya ampea 15, ile ya bluu, tukakuta kipande cha waya wa shaba kimekunjwa kikapachikwa. Fyuzi hakuna! Tukachomoa zote mpaka boksi likawa tupu, mita ikashuka hadi 0.53 ikagoma hapo. Kijana akaniangalia akasema, "Kaka, kuna waya unakula bila kupita kwenye boksi."

Tukaufuata kutoka kichwa cha chanya cha betri. Waya mwekundu mnene, umepitishwa kwenye tundu lililotobolewa kwa kitu kama msumari kwenye ukuta wa bati ule wa mbele ya miguu, bila raba ya kuuzuia usisuguane na chuma. Plastiki yake imeshalika upande mmoja, shaba inaonekana. Hauna fyuzi popote, kuanzia betri mpaka mwisho. Siku shaba ile ingeligusa lile bati, waya wote ungegeuka moto chini ya kapeti, na juu ya kapeti hilo ndipo mwanangu anapoweka miguu. Mwisho wake ni amplifaya ya muziki iliyofungwa chini ya kiti cha abiria, na ule waya mdogo wa kuiamuru iwake wameuunga kwenye umeme wa kudumu, kwa hiyo imekuwa ikiwaka usiku na mchana, miezi yote hii. Tulipoitoa, mita ikasoma 0.09.

Ikabaki hiyo ndogo. Kijana akalala chali chini ya dashibodi. Juu ya pedeli akakuta furushi la selotepu nyeusi kubwa kama ngumi. Ndani yake kijiboksi cha GPS, kina laini ya simu, kitaa kinapepesa, na rilei moja, yaani swichi inayojiwasha na kujizima kwa umeme. Waya wa pampu ya mafuta umekatwa, ncha zake mbili zimepitishwa kwenye hiyo rilei. Na zimeungwaje? Zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa selotepu. Hakuna risasi ya kuchomelea waya, hakuna kiungio. Tena nusu ya kazi wametumia waya wa nyumba, ule mgumu wa mshipa mmoja unaopitishwa ukutani, ambao kwenye gari linalotikisika hukatika tu. Pale kwenye msokoto pameungua pakawa peusi. Pampu inavuta umeme mwingi, kiungo kibovu kinapata moto, kinaachia, injini inazima. Kikipoa kinashika tena. Hiyo ndiyo Puge. Dakika 40 zile zilikuwa za kupoa kiungo cha msokoto.

Na bado. Kwenye nguzo ya kioo cha mbele, juu darini, kuna waya umekatwa na kufungwa nailoni, unakuja mpaka katikati ya paa. Kijana hakuhitaji hata kufikiri: ni wa taa ya teksi. Mama mwalimu gani anaweka taa ya teksi juu ya gari?

Kwa hiyo gari hili limekuwa teksi, halafu kuna mtu alilidai mpaka akalifungia kifaa cha kulifuatilia na kulizima kutoka mbali. Rilei ile ilikuwa hai mpaka saa kumi na mbili leo jioni. Maana yake miezi mitatu kuna mtu nisiyemjua anaona nyumba yangu ilipo, shule ya mwanangu ilipo, na kwa ujumbe mmoja wa simu angeweza kunikatia mafuta nikiwa nalipita lori. Mke wangu ameliona hilo kabla yangu, na amekataa kupanda gari hili mpaka ajue mtu huyo ni nani.

Kwa mafundi mnaosoma hapa: mnakata waya wa gari la watu, mnausokota, mnafunika kwa selotepu, mnapokea elfu ishirini zenu mnaondoka. Hamwandiki popote, hamchori, hamwambii hata mwenye gari umepita wapi. Mnayemwachia ni mtu kama mimi, na mama yake amekaa mbele. Weka fyuzi karibu na betri. Pitisha waya kwenye raba. Unga kwa risasi. Ukiona huwezi, iache kazi.

Nimetumia 390,000 kwa vitu vyote ambavyo havikuwa vibovu. Kijana amechukua 40,000 na nimemwongeza.

Na wewe uliyeniuzia, najua unaingia humu, ulinionyesha mwenyewe tangazo lako. Nimekupigia mara 6 tangu magharibi, inaita hupokei. Amplifaya nitakurudishia, siitaki. Nataka mambo mawili: jina la aliyefunga kile kifaa, na laini iliyomo ni ya nani. Kesho asubuhi nakwenda nacho polisi kikiwa kwenye bahasha, na picha zote 23 nilizopiga. Kabla ya hapo una usiku mzima wa kupokea simu.