Wasiosoma wanaonekana kutumia hospitali kuliko waliosoma: hesabu yangu imekosea wapi?

mtafiti_mchanga
Wakuu, naomba msaada. Nina takwimu za utafiti wa kaya, Tanzania Bara, watu wa miaka 18 kwenda juu. Nimechukua waliosema waliumwa ndani ya wiki nne, nikaangalia asilimia ya waliokwenda kutibiwa, nikawagawa kwa elimu: hawajasoma, msingi, sekondari na zaidi. Wasiosoma wametoka juu ya wa sekondari. Kulazwa ndani ya miezi 12, hivyo hivyo. Msimamizi wangu amerudisha kazi, anasema haiwezekani. Nirekebishe nini?

Mzani
Kwanza tazama unagawa kwa nani. Umegawa kwa waliosema wameumwa, na kusema "nimeumwa" ni jambo linalobadilika kwa elimu. Mwalimu akipata mafua siku mbili anayahesabu. Mkulima mwenye maumivu ya mgongo ya miaka anasema mzima, kwa kuwa jembe bado linashikika.

Mfano wa kubuni: wasiosoma 100, waliosema waliumwa 15, waliotibiwa 9. Hiyo ni asilimia 60. Wa sekondari 100, waliosema waliumwa 25, waliotibiwa 13, yaani asilimia 52. Sasa gawa kwa watu wote: 9 kwa 13. Mwelekeo umegeuka na hakuna takwimu iliyobadilika. Mchumi Amartya Sen aliliandika hili mwaka 2002 kuhusu India: jimbo la Kerala, ambako watu wanaishi miaka mingi zaidi na wamesoma zaidi, ndiko walikoripoti magonjwa mengi kuliko jimbo la Bihar.

Toa jedwali zote mbili. Na kama dodoso lina maswali ya kushindwa kutembea, kuona au kubeba mzigo, yatumie kupima uhitaji. Hayategemei sana mtu anavyojiona.

Bi Rekodi
Aliyosema Mzani ni kweli, lakini kwenye kulazwa mchawi ni umri. Azimio la Musoma la 1974 ndilo lililosukuma elimu ya msingi kwa wote, utekelezaji ukapamba moto 1977. Waliokuwa wamepita umri wa shule kabla ya hapo ndio wamejaa kundi lako la "hawajasoma", na leo hao ni wazee: presha, kisukari, mtoto wa jicho, nyonga iliyovunjika. Unalinganisha bibi wa miaka 70 na kijana wa kidato cha nne, halafu unaita tofauti hiyo elimu.

Sawazisha umri kwa makundi ya miaka mitano au kumi, wanawake na wanaume mbalimbali. Usiweke umri kama namba moja tu kwenye modeli, maana kulazwa hakupandi kwa mstari ulionyooka: wanawake wana kilima miaka ya uzazi, kisha kila mtu anapanda uzeeni.

Uzazi nao utenge kabisa. Wenye elimu ndogo huzaa mara nyingi zaidi, ila waliosoma hujifungulia kituoni zaidi. Nguvu mbili zinavutana, na ukizichanganya na magonjwa hutajua namba yako inasema nini.

mtafiti_mchanga
Nimesawazisha umri na kuondoa uzazi. Pengo la kulazwa limepungua sana. La kutibiwa sasa linawapendelea waliosoma, ila ni dogo kuliko nilivyotarajia.

Rufaa
Dogo kwa sababu "kutibiwa" kwako ni kapu moja. Zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, hospitali kubwa kama Bugando na Muhimbili, na pengine hata duka la dawa muhimu vimo humo. Vitenganishe. Ngazi ya chini tofauti ya elimu huwa ndogo, na inaweza hata kuelekea kwa maskini; ukipanda ngazi, wenye nacho wanaongezeka. Aliyesoma anajua kuomba barua ya rufaa, ana nauli, ana ndugu mjini wa kumpokea. Uchambuzi wa nchi 21 za OECD (umoja wa nchi nyingi zilizoendelea) uliochapishwa 2006 ulionyesha sura hiyohiyo hata kwenye bima pana: kwa daktari wa kawaida, usawa au maskini mbele kidogo, kwa daktari bingwa, wenye kipato mbele.

Halafu usisome kila kulazwa kama faida. Mwenye presha asiyefuatiliwa analetwa na kiharusi, analazwa wiki tatu. Kwenye takwimu zako huyo ni "mtumiaji mkubwa". Kama sababu ya kulazwa imeandikwa, yaweke kando magonjwa ambayo zahanati nzuri ingeyazuia yasifike wodini.

mtafiti_mchanga
Bima niiweke kwenye modeli? Na kipato?

Mzani
Inategemea swali. NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ilianza 2001 na watumishi wa umma, kwa hiyo kadi yenyewe inakuja na cheti cha shule: elimu inaleta ajira, ajira inaleta kadi, kadi inaleta hospitali. Ukiiweka bima unafuta sehemu ya kile unachokitafuta. Endesha modeli mbili, bila bima na yenye bima. Kushuka kwa namba ya elimu kutakuonyesha kwa kiasi gani kadi inahusika. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, iweke kama kundi lake, isichanganywe na NHIF. Hiyo CHF ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, na iliishia hospitali ya mkoa.

Kipato ndicho kinachowaangusha wengi. Ukitumia matumizi ya kaya, toa kwanza gharama za matibabu, la sivyo aliyeuza ng'ombe ili alazwe ataonekana tajiri aliyelazwa. Ukitumia fahirisi ya mali (alama moja inayojumlisha vitu na huduma ilizonazo kaya), jenga ya mjini na ya kijijini mbalimbali, maana umeme na bomba la maji vinaweza kupima mahali mtu anapoishi kuliko utajiri wake.

Bi Rekodi
Angalia pia nani alijibu. Mkuu wa kaya akiwajibia wengine, mafua ya mkwe husahaulika ila kulazwa hakusahauliki. Weka alama ya aliyejijibia na aliyejibiwa. Usisahau uzito wa sampuli (kila aliyehojiwa anawakilisha watu wangapi) na maeneo ya kuhesabia watu, na ukikuta chini ya watu 25 kwenye "sekondari na zaidi, miaka 60+", unganisha makundi kabla hujamwandikia msimamizi asilimia yoyote.