Zamu za usiku katika kambi ya jeshi ya Lanet, Nakuru

Swali: Wazee, baba alistaafu jeshini. Nikimuuliza kuhusu lindo, anasema tu, "Kulikuwa na baridi." Mlipitishaje saa hizo?

Mstaafu, Nakuru: Kijana, babako amesema kweli. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Saa nane usiku upepo unapenya hata koti kubwa. Nilihesabu misumari ya lango: 64. Gari-moshi la mizigo likipita, nilihesabu mabehewa, nikasikitika likiisha. Adui alikuwa usingizi. Niliuma ulimi hadi nikaonja damu, maana wenzangu walilala wakiniamini mimi.

Wa Kisumu: Somalia, 2012, ilikuwa joto na mbu. Nilipanga shamba la mama kichwani, mstari kwa mstari.

Muuliza: Asante, mzee. Jioni nitamuuliza habari za gari-moshi.