Mrejesho: pai ya matufaha na watoto

Wakuu, nimerudi. Niliuliza jinsi ya kupika pai ya matufaha na watoto vuli hii bila vipande kugeuka rangi wala unga wa chini kuloa.

Maji ya limau yamesaidia: watoto walimenya taratibu (na kula nusu), vipande vikabaki vyeupe. Aliyesema nichanganye vipande na sukari, nisubiri dakika 30 kisha nichuje maji, ubarikiwe. Maji yenyewe niliyachemsha yakawa mazito, nikayarudishia. Pembeni pai ilikauka vizuri, katikati bado ililowa. Kosa letu, tuliikata ikiwa ya moto, nani angewazuia watoto? Ya pili tuliiacha ipoe kwa muda wa saa 3, ikakatika safi.

Matufaha ya Granny Smith (yale ya kijani, machachu) hayakupondeka. Yale mekundu laini yaligeuka rojo, tukayapaka kwenye mkate. Asanteni sana.