Naomba ushauri: Kanivali ya Trinidad, nijiunge na bendi (kundi la washiriki wanaolipia kucheza pamoja mitaani) au nitazame tu?

Wakuu, habari zenu. Mwakani nataka kwenda Port of Spain kwenye kanivali, zile siku mbili kabla ya Jumatano ya Majivu. Kinachonivuta hasa ni J'ouvert, Jumatatu alfajiri, watu wanapojipaka matope na rangi wakifuata muziki mitaani. Mavazi ya manyoya na shanga ya Jumanne siyawezi, kwa kitambi hiki! Je, mgeni anaweza kuingia J'ouvert bila kulipia bendi, au walinzi wanaoshika kamba kuzunguka bendi watamtoa? Simu na pesa mnazificha wapi? Na Panorama, yale mashindano ya ngoma za chuma pale Queen's Park Savannah, tiketi zinakatwa mapema kiasi gani? Aliyewahi kwenda anijuze tafadhali.