Ushauri: mota ya habu au mota ya kati kwa kupanda Mombo hadi Lushoto?

Mpanda_Soni
Habari za jioni wakuu. Nataka baiskeli ya umeme ya kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto, kama kilomita 33, mara tatu kwa wiki. Kuna mota inayokaa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, na kuna inayokaa katikati, kwenye pedali. Kila ninayemuuliza ana lake na mimi usingizi hauji. Ipi inapanda mlima bila kuungua? Sijanunua bado.

FundiSpoki
Mota ya kati, mkuu. Inasukuma kupitia cheni, kwa hiyo inafaidi gia za baiskeli. Weka meno 42 mbele na 34 nyuma kwenye tairi la inchi 26: pedali zikizunguka mara 75 kwa dakika unakwenda kama kilomita 11.5 kwa saa, na mota inazunguka kwa kasi inayoipenda. Habu haina pa kukimbilia. Mwendo ukishuka, nayo inazunguka polepole, umeme unaopita kwenye nyaya zake unapanda, na joto linakua kwa mraba: ampea zikiwa mara mbili, joto mara nne.

Bi_Ampea
Kabla ya mota tuongee betri, maana ndiyo inayowaacha watu njiani. Njia hiyo inapanda karibu mita 1,000. Taja uzito wote: wewe, baiskeli na mzigo. Bila namba hiyo tunabahatisha.

Mpanda_Soni
Mimi nina kilo 70, dada.

FundiSpoki
Na mzigo? Mara tatu kwa wiki hiyo ni biashara. Na baiskeli yenyewe ina gia ngapi?

Mpanda_Soni
Nashuka na matenga ya mboga, napanda na bidhaa za duka, unga na mafuta ya kula, kama kilo 40. Baiskeli ninayo tayari, ni Phoenix ya inchi 28. Haina gia.

Niseme ukweli wote: nimeshatoa advansi ya mota ya habu, ile isiyo na gia ndani, 48V, "wati 1000", na betri ya 13Ah (ampea-saa 13). Muuzaji ananihakikishia haina kitu cha kulika, haigusi cheni, na ukishuka inasaidia breki. Phoenix siiachi. Keria yake inabeba gunia.

Kaka_Mzani
Achana na hayo yote, chukua pikipiki. Mlima wa Soni, hapo njiani kwenda Lushoto, si wa baiskeli yenye mzigo.

FundiSpoki
Hayo ndiyo yaliyokuwa yanakosekana, na yanabadilisha jibu langu. Phoenix nyingi zina kama meno 46 mbele na 20 nyuma. Ukifunga mota ya kati hapo, mizunguko 75 ya pedali ni kilomita 23 kwa saa. Kupanda mwinuko wa asilimia 10 kwa mwendo huo na kilo 140 kunataka karibu wati 970 kwenye gurudumu. Hazipatikani. Mota itakokota kwa mzunguko mdogo na kontrola yake, kile kisanduku kinachoipimia umeme, itaungua. Mota ya kati kwenye baiskeli isiyo na gia haina faida yake kuu.

Lakini usifurahie habu. Mwinuko huohuo unadai kani ya nyutoni kama 150 pale tairi linapogusa barabara. Gurudumu la inchi 28 lina nusu kipenyo cha karibu sentimita 36, kwa hiyo mota itoe nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 54 mfululizo. Kutoa kiasi hicho kwa sekunde ishirini si kazi. Kwa dakika ishirini vanishi inayokinga nyaya inaungua, na vitambuzi vidogo vya sumaku vilivyo ndani vinakufa. Dalili yake ni mota kutetemeka mahali pamoja bila kuzunguka.

Bi_Ampea
Sasa naweza kupiga hesabu. Wewe 70, baiskeli na vifaa 30, mzigo 40: kilo 140. Kuzipandisha mita 1,000 ni wati-saa 380. Msuguano wa tairi kwa kilomita 33 ongeza kama 125. Jumla 505 kwenye gurudumu. Mota na kontrola zikifanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 78, betri itoe karibu 650. Betri yako ni 48 × 13 = 624, na si vizuri kuikamua hadi tone la mwisho. Bila kupiga pedali hufiki. Ukipiga kwa wati 80 muda wote wa safari unafika, lakini betri ikichakaa mwaka wa pili utakuwa unasukuma. Nenda 17Ah au zaidi.

Mzee_wa_Kona
Mdogo wangu, advansi hutolewa baada ya kuuliza, si kabla. Nawe unaulizia kupanda tu, ilhali hatari yako kubwa iko kwenye kushuka. Breki za fimbo za Phoenix zinabana rimu ya chuma, na rimu ya chuma ikilowa haishikiki. Usishuke kona zile na matenga kwa breki hizo, mota iwe yoyote.

Mpanda_Soni
Ndiyo sababu nilichagua habu, mzee wangu. Ukishuka inarudisha umeme kwenye betri na baiskeli inapunguza mwendo. Mota ya kati haifanyi hivyo.

Bi_Ampea
Hapo kuna mtego. Wewe unaanza safari kwa kushuka, betri ikiwa imejaa. Betri ya 48V ikifika volti 54.6 haina nafasi ya kupokea. Ukianza kushuka, saketi yake ya ulinzi inakata na breki ya umeme inapotea ghafla, ukiwa kwenye kona. Ukitaka kuitumia, chaji isizidi asilimia 80 asubuhi, na iwe msaada tu, breki za kawaida zibaki kamili.

Mkweli_Daima
Samahanini, mimi siuamini uzi huu. Mwanzo "sijanunua", baadaye "nimetoa advansi". Habu ya nyuma ya wati 1000 inataka nafasi ya milimita 135 kati ya miguu ya fremu. Phoenix haifiki hapo, na muuzaji wa kweli angepima kabla ya kupokea hela. Naona mtu anatunga kisa ili mwishoni alete jina la duka. Kama ni kweli, pima nafasi hiyo utuambie, na usome maandishi ya kontrola.

Mpanda_Soni
Sina duka la kutangaza, kaka. Nilificha advansi kwa sababu nilijua mtanisema. Nimepima kwa rula sasa hivi: sentimita 11 na nusu. Kontrola ninayo kwenye picha aliyonitumia, imeandikwa 48V, 15A.

Mkweli_Daima
Basi nakuomba radhi, na pole. 48 × 15 ni wati 720 zinazotoka kwenye betri. Gurudumuni hazifiki 600. Hiyo si seti ya wati 1000. Na kupanua fremu kwa sentimita mbili ni kuitafutia ufa pale ilipochomewa. Rudi kwake na picha hiyo.

FundiSpoki
Ukirejeshewa au ukibadilishiwa, tafuta baiskeli ya mtumba ya milimani, fremu ya chuma, gurudumu la inchi 26, gia 7 au 8 nyuma na breki za diski. Keria ya Phoenix inahamishika. Fundi wa kuchomelea atakutengenezea miguu yake. Mota iwe ya kati, mfano Bafang BBS02 ya wati 750, ampea 25. Inaingia kwenye bomba la pedali lenye upana wa milimita 68 hadi 73, likiwa na nyuzi za skrubu ndani. Bomba laini lisilo na nyuzi, liache.

Cheni ndiyo italika, hilo muuzaji wako hakukudanganya. Pima pingili 12 kamili: cheni mpya ni sentimita 30.5. Ikifika 30.6 na ushee, badilisha, usingoje ile meno ya nyuma. Mlimani kaa kwenye gia kubwa ya nyuma, na kabla ya kubadili gia achia mota kidogo, la sivyo cheni inakatika. Nati kubwa ya mota ikaze tena baada ya kilomita 50 za kwanza, maana ikilegea mota inajizungusha na kuharibu bomba.

Mpanda_Soni
Nimempigia muuzaji. Amekubali advansi ihamie kwenye mota ya kati, nimuongezee tofauti. Kesho naenda kuangalia baiskeli ya mtumba Mombo. Bi Ampea, betri ya 17Ah nitajuaje kwamba ni 17 kweli?

Bi_Ampea
Nenda na mita ya wati-saa, ya kuunganisha kati ya betri na kontrola. Ijaze betri hadi 54.6V, itumie hadi ikate yenyewe, usome. Ya 17Ah ikiwa mpya ikupe karibu 800. Ikikupa 600, usimalizie malipo.