Mwigizaji wa miaka 29 awe bibi wa miaka 78: ngozi nyeusi huzeekaje mbele ya kamera?

Mpambaji_Tanga

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kwa miaka saba nimekuwa nikipamba maharusi hapa Tanga, na sasa nimekabidhiwa filamu yangu ya kwanza. Mhusika mkuu anaonekana akiwa na miaka 29, kisha 50, kisha 78, na zamu zote tatu anazicheza mwigizaji mmoja, mwenye miaka 29, ambaye ngozi yake ni nyeusi ya kukolea, laini, isiyo hata na kovu. Tutaanza kupiga picha baada ya wiki sita, na sehemu kubwa ya matukio ya uzee itapigwa barazani, mchana kweupe, kwa kamera ambayo haifichi kitu.

Jumamosi nilifanya jaribio. Nilimchora mikunjo kwa penseli ya nyusi ya kahawia, nikaififisha kwa brashi, kisha nikampaka poda nyeupe ya watoto kichwani. Kwenye kioo nilimwona bibi, lakini kwenye skrini ya mpiga picha nilimwona msichana aliyechorwa mistari, na nywele zake zilikuwa kama za mtu aliyeshinda kwenye mashine ya kusaga unga. Baada ya dakika arobaini jasho lilianza kuteremsha ile penseli kuelekea pembe za mdomo.

Naomba msaada katika mambo mawili yanayoninyima usingizi. Je, niendelee na rangi tupu, nitumie lateksi (mpira wa kimiminika unaopakwa kwenye ngozi), au nitafute vipande vya silikoni, ule mpira laini unaofanana na nyama? Na mvi zitengenezwe vipi kwenye nywele za kipilipili zisionekane vumbi? Bajeti yetu ni ndogo, ila muda wa kujifunza ninao.

FundiSura

Dada, shukrani kwa kueleza jaribio lako bila kuficha, kwa sababu kosa lililotokea ndilo tunaloanza nalo karibu sote. Tulijifunza uzee kutoka kwenye vitabu na video zilizotengenezwa kwa nyuso za Kizungu, ambako ngozi hupata mistari myembamba mapema kuzunguka macho na midomo. Ngozi yenye melanini nyingi, yaani ile rangi ya asili inayoipa weusi, inalindwa zaidi dhidi ya jua, kwa hiyo mistari hiyo huchelewa, na wapo bibi zetu wa miaka 75 ambao paji la uso halina mkunjo hata mmoja. Ukimchora mwigizaji wako mistari asiyokuwa nayo bibi yeyote wa mtaani kwake, mtazamaji atahisi kuna uongo hata kama hawezi kusema uko wapi.

Kabla ya kununua chochote, mwombe mwigizaji picha za bibi yake mzaa mama na za mama yake, zilizopigwa mchana, bila tabasamu la picha. Tazama nyama imehamia wapi. Mara nyingi utaona mambo haya: mafuta yaliyojaza shavu la juu yamepungua na shavu limeshuka, hivyo mfereji kutoka puani hadi pembe ya mdomo umekuwa mzito, si mwembamba, chini ya macho kuna vifuko, mstari wa taya umevunjika kwa vinyama viwili vinavyoning'inia, panja zimebonyea, ndewe za masikio zimerefuka, hasa kwa aliyevaa hereni nzito maisha yake yote. Halafu kuna rangi. Uso wa kijana una rangi moja, ila uso wa mzee una ramani nzima: kuna weusi uliokolea kuzunguka macho na pembeni mwa paji, midomo iliyopoteza wekundu, na kwa watu wengi weusi, hasa wanawake, vile vijipele vidogo vyeusi visivyouma ambavyo huongezeka mashavuni kadiri umri unavyosogea. Vijipele hivi hutengenezwa kwa gundi nzito ya ngozi iliyotiwa rangi, ukidondoshea tone mojamoja kwa ncha ya kijiti cha meno. Kumi na viwili au kumi na vitano, vilivyotawanyika bila mpangilio, vitakufanyia kazi kubwa kuliko mistari mia.

Kuhusu kivuli, achana na kahawia ya penseli na usiguse kijivu kabisa, kwa maana kijivu juu ya ngozi nyeusi hugeuka majivu. Changanya kahawia iliyokoza sana na wekundu wa zambarau, kama rangi ya zabibu iliyoiva, kwa mabonde yote. Kwa sehemu zilizoinuka tumia rangi ya asali au udongo wa manjano, si nyeupe. Anza na mwanga kwanza, kisha kivuli. Kila bonde liwe na ukingo mmoja mkali na mwingine unaofifia, kwa sababu mkunjo wa kweli ni nyama inayolalia nyama nyingine, na kivuli chake hakiwi sawa pande zote mbili.

Kwa miaka 50 rangi hiyo peke yake inakutosha. Kwa miaka 78, katika picha za karibu, utahitaji kitu chenye umbo.

Lateksi ya kimiminika ni njia ya zamani na ya bei nafuu. Unavuta ngozi kwa vidole, unagongagonga tabaka jembamba kwa sponji, unakausha kwa drai iliyowekwa hewa baridi huku ukiendelea kuvuta, unapaka poda, ndipo unaachia, na ngozi inajikunja yenyewe. Vuta kwa kukatisha mikunjo unayoitaka: ukitaka mikunjo ya kulala, vuta juu na chini. Usisahau poda kabla ya kuachia, kwani lateksi hujigandisha yenyewe kwa yenyewe. Jambo ambalo maelekezo mengi hayalisemi ni kwamba ikikauka huacha utando unaoonekana wa kijivu juu ya ngozi nyeusi, kwa hiyo itie rangi tangu kwenye chupa. Tena lateksi na mafuta havipatani, mafuta huila. Usiipake fandesheni yako ya kawaida ya krimu juu yake, bali tumia rangi zinazoyeyushwa kwa spiriti. Rangi hizo ndizo pia jibu la jasho, kwa kuwa zikishakauka hazisogezwi na maji.

Kama unataka kuona kazi hii ilivyofanywa vizuri kwenye uso mweusi, tafuta picha za Cicely Tyson katika filamu ya televisheni ya Marekani ya mwaka 1974, The Autobiography of Miss Jane Pittman. Mwigizaji huyo hakuwa amefika miaka 50, na alizeeshwa hadi 110 na Stan Winston na Rick Baker, ambao walipata tuzo ya Emmy kwa kazi hiyo. Mkazie macho shingo yake.

KioNaKivuli

Ninakubaliana na mengi aliyoyasema FundiSura, lakini kuhusu lateksi naomba nitofautiane naye kwa heshima, kwa sababu niliwahi kuona madhara yake. Katika tamthilia moja niliyofanya kazi kama msaidizi, mwigizaji alipakwa lateksi kuzunguka macho bila kupimwa kwanza, na kufikia saa sita mchana kope la kushoto lilikuwa limevimba kiasi cha kufunga jicho. Tulipoteza siku mbili, na yeye aliteseka zaidi kuliko sisi. Lateksi ina amonia inayochoma macho na mapafu, na wapo watu ambao miili yao haiupokei mpira huo kabisa, hata glavu zake.

Dada, paka tone kwenye mkono wa mwigizaji, upande wa ndani karibu na kiwiko, usubiri saa 24. Funika nyusi na vinyweleo vya pembeni kwa vaselini, vinginevyo utaving'oa wakati wa kuvua. Na ukiwa na siku kumi au zaidi za uzee, mwombe meneja wa uzalishaji asizipange mfululizo, kwani ngozi inayovutwa na kubanduliwa kila siku kwenye joto la Tanga itachubuka, na hapo hutakuwa na mahali pa kufanyia kazi.

Ushauri wangu ni kutengeneza vipande vichache vya silikoni: vifuko viwili vya macho na vinyama viwili vya taya, basi. Chukua umbo la uso kwa alginati (unga unaokorogwa kwa maji ukaganda kama jeli) na bandeji za plasta, umimine jasi upate kichwa, ufinyange juu yake kwa udongo, kisha utoe kalibu. Kipande kimoja kinachofunika uso wote hufanya mwigizaji aonekane amevaa kinyago. Marehemu Dick Smith, aliyemzeesha Dustin Hoffman hadi miaka 121 katika Little Big Man ya mwaka 1970, alijulikana kwa kuugawa uso katika vipande vinavyopandana kingo, ili kila sehemu icheze na msuli ulio chini yake. Kingo ziwe nyembamba kama utando wa yai. Hapo ndipo kazi yote ilipo, na wiki sita zinatosha kujaribu mara tatu.

Msusi_Kisauni

Mwanangu wa Tanga, hujambo. Mimi nitasema nywele tu, kwa kuwa ndizo nilizozishika tangu mwaka 1989.

Poda iachie watoto wachanga. Poda hukaa juu ya nywele na hufunika zote sawa, ilhali mvi ni unywele mmoja mmoja uliokuwa mweupe tangu shina. Tazama kichwa cha mtu mzima kwa karibu: utakuta koili (kikunjo kimoja cha nywele) nyeusi, pembeni yake nyeupe tupu, nyingine imesimama peke yake kama waya kwa sababu mvi mara nyingi ni kavu na hazitii. Chukua mswaki wa zamani au brashi ya wanja wa kope, uchovye rangi nyeupe ya krimu uliyoitia manjano kidogo, kisha uguse koili mojamoja ukianzia panjani na kwenye ukingo wa mbele, ukipunguza kadiri unavyokwenda nyuma. Nasisitiza hiyo manjano, maana nyeupe tupu chini ya jua hugeuka samawati na kamera huidaka hapo hapo. Usifanye pande mbili zilingane. Gusa pia nyusi, ila nyusi chache tu.

Halafu fikiria, huyu ni bibi wa pwani. Akiwa barazani, kichwani ana mtandio au upande wa kanga, si hivyo? Basi huna haja ya wigi zima. Yanayoonekana ni vidole viwili vya nywele mbele, panja, na pengine kisogo anapoinama. Mtengenezee ukingo wa mbele tu, nywele zilizofumwa unywele kwa unywele kwa sindano ya ndoano kwenye wavu laini, ziwe chache, zenye mapengo, kwa maana bibi aliyesuka mistari ya kubana miaka sitini, nywele za panjani zimemkimbia. Mapengo hayo ndiyo umri wenyewe. Kwa miaka 78 nisingetumia nywele za wigi la dukani zilizonyooka hata zikatiwe mawimbi; tafuta nywele zenye mkunjo wa kipilipili, au uzikunje mwenyewe kwenye vijiti vyembamba na mvuke.

Na kama huyo bibi anatafuna tambuu, meno na ukingo wa midomo viwe na wekundu wake. Uliza mwandishi.

MpigaPicha_Mtwapa

Nitaongeza machache kutoka nyuma ya kamera. Mwanga wa barazani saa sita hutoka juu na kurudi kutoka sakafuni. Ule unaorudi hujaza mabonde yote mliyoyatengeneza na kumrudisha msichana ujanani. Mwambie mpiga picha atandike kitambaa cheusi sakafuni nje ya fremu, na mwanga wake mkuu uje kwa ubavu. Msikubaliane kwa maneno, fanyeni jaribio mahali penyewe, saa ile ile ya siku, mkiwa na lenzi zitakazotumika.

Pia nimeona mara nyingi uso wa miaka 80 ukiwa juu ya mikono ya miaka 20. Bibi atashika kikombe, atahesabu tasbihi, atafunga kanga, na kamera itashuka hadi vidoleni. Mikono nayo ipewe muda wake wa kupambwa, na kucha zisiachwe zinang'aa.

Mpambaji_Tanga

Nimesoma kila jibu mara mbili na nimeyafanyia kazi wiki hii. Shikamoo Mama wa Kisauni. Ule mswaki umenifungua macho.

Picha za bibi yake mwigizaji zilipatikana, na kwa kweli paji lake ni laini kama la mjukuu. Nilichokuwa nikikichora hakikuwamo kabisa. Kilichomo ni vifuko vizito chini ya macho, ndewe ya kulia iliyochanika kwa hereni, na vijipele vingi upande wa kushoto kuliko kulia. Nimefuata hivyo hivyo. Nimepima lateksi kiwikoni, na baada ya saa 24 ngozi ilikuwa imewasha na kuwa na vipele, kwa hiyo KioNaKivuli ameniokoa, na lateksi imeondoka kwenye mpango. Nimetengeneza vifuko vya macho kwa silikoni; kalibu ya kwanza ilitoka na viputo, ya pili imekubali, ingawa kingo bado ni nene upande wa puani.

Jana tulijaribu barazani saa saba mchana, tukiwa na kitambaa cheusi sakafuni. Alikaa saa mbili na nusu, rangi ya spiriti haikusogea, nami nilikausha jasho kwa kubonyeza sponji kavu bila kufuta. Jirani, mama mtu mzima, alipita akielekea sokoni, akasimama, akamwamkia mwigizaji wetu shikamoo, akaendelea na safari yake.

Swali langu lililobaki ni kwa KioNaKivuli: ule ukingo wa puani niupunguze kwenye udongo kabla ya kutoa kalibu ya tatu, au kuna namna ya kuuyeyusha ukiwa tayari umeshagandishwa usoni?

KioNaKivuli

Upunguze kwenye udongo. Kingo za silikoni za kawaida haziyeyuki usoni. Zinazoyeyuka ni zile zilizovikwa utando wa plastiki inayolainishwa na asetoni au spiriti, na karibu na jicho nisingependa ujifunze kwa asetoni. Lainisha udongo kwa brashi yenye spiriti kidogo hadi uone jasi ya chini inaanza kuchungulia kwenye ukingo, ndipo utoe kalibu.