Menyu ya begi na ya kutengenezea vitu: gridi, orodha au duara? Naomba ushauri kabla ya Ijumaa

BandariDev
Wakuu, habari za humu. Natengeneza gemu ya kuishi kisiwani. Mchezaji anaanza mikono mitupu, anaokota makumbi, anasokota kamba, anasuka dema la samaki, mpaka siku moja anachonga ngalawa. Bahari imekaa vizuri, uvuvi umekaa vizuri. Tatizo ni begi na menyu ya kutengenezea vitu. Kila ninayempa ajaribu anakwama hapo.

Mchoraji wa aikoni anataka jibu Ijumaa, na namlipa kwa aikoni, kwa hiyo sitaki tuanze halafu tubomoe. Nina michoro mitatu:

A: gridi ya 3 kwa 3 kama ile ya gemu ya Minecraft, unaburuta vitu na kuvipanga.
B: orodha ya vinavyotengenezeka, unagusa jina kitu kinatoka.
C: duara linalofunguka ukishikilia kidole.

Nichukue ipi?

FundiSkrini
Mkuu, umeuliza bei ya tairi bila kutaja gari. Ni gemu ya simu au ya kompyuta? Simu inashikwa wima au ya kulala? Vitu vyote ni vingapi, na fomula (maelekezo ya kutengeneza kitu kutokana na vingine) ngapi? Halafu hao wanaokwama wanakwamaje: hawaioni menyu, hawajui cha kufanya, au wanajua ila kidole kinagusa pembeni? Hayo ni magonjwa matatu na kila moja lina dawa yake.

Kisiwani88
A, bila kufikiri mara mbili. Raha ya ile gridi ni kwamba mpangilio unafanana na kitu chenyewe. Mbao tatu juu, vijiti viwili katikati kwenda chini, unaliona sururu kabla halijatoka. Ukimpa mtu orodha umemnyima ufundi, anakuwa karani wa stoo. Ngalawa nayo ingependeza hivyo: gogo katikati, mirengu kushoto na kulia, tanga juu.

Nyota_ya_Tanga
Kisiwani, heshima yako, lakini Minecraft wenyewe waliona gridi peke yake haitoshi. Mwaka 2017, toleo la 1.12, wakaweka kitabu cha fomula ili mchezaji aguse tu. Kabla ya hapo watu walicheza huku ukurasa wa maelekezo uko wazi pembeni. Na lile toleo la simu la zamani lilitumia orodha kwa miaka, si gridi ya kuburuta. Kwa kidole, kuburuta kitu kidogo kilichojificha chini ya kidole chenyewe ni mateso. Mimi ni B.

BandariDev
Samahanini kwa kuchelewa. Ni Android kwanza, kompyuta baadaye. Nalenga simu za bei ya kawaida, skrini za pikseli 720 kwa 1600. Vitu vinakaribia 90, fomula 60 hivi. Natumia Godot 4, programu ya kutengenezea gemu. Kuhusu wanavyokwama: wengi wanafungua begi, wanaburuta kitu, badala yake orodha nzima inasogea. Wengine wana kamba na mbao tayari lakini hawajui kwamba dema linawezekana.

FundiSkrini
Sasa tunaongea. Google wanashauri kitu cha kugusa kisipungue dp 48 kila upande (dp ni kipimo cha skrini za Android kisichotegemea wingi wa pikseli), karibu milimita 9. Apple, kwa kipimo chao, wanasema pointi 44. Simu ya 720 kwa kawaida ina dp 360 upande mfupi. Gawanya kwa 48, unapata 7 na nusu. Maana yake ukiishika ya kulala, toa kichwa cha menyu na nafasi za katikati, unabaki na safu tano za kugusika bila kukosea. Weka hapo begi, gridi ya 3 kwa 3 na kitufe cha kumaliza, vyote kwa pamoja. Vitabanana.

Hilo la orodha kusogea: usimwachie mtu kazi mbili kwenye ishara moja. Ama kuburuta kunasogeza orodha, ama kunabeba kitu. Kama lazima vyote viwe, kubeba kuanze baada ya kushikilia kidogo, na kitu kiinuke juu ya kidole kionekane.

Mama_wa_Gemu
Naomba niwaeleze yaliyonipata, maana A, B na C sioni kama ndiyo hatari kubwa.

Kulikuwa na gemu moja ya shamba kwenye simu, jina naliacha. Tulicheza mimi na binti yangu, kila mtu na zamu yake jioni. Kulikuwa na mbegu zilizotolewa msimu mmoja tu, tukazitunza ili tupate malighafi ya kujengea kisima. Siku ya kujenga, binti akagusa mbegu, chini vikatokea vitufe viwili vimegusana, rangi moja, ukubwa mmoja: "Tengeneza" na "Tupa". Akagusa cha pili. Zikapotea zote, hakuna swali, hakuna kurudisha. Alilia, na mimi nilishindwa la kumwambia kwa sababu hakuwa amefanya lolote la kijinga. Nikasema basi, tutajenga cha kawaida. Nikakusanya mawe, nikagusa tengeneza, mawe yakaliwa, kisima hakionekani. Kumbe begi lilikuwa limejaa, kitu kikaangukia chini nyuma ya mti, na kufikia kesho yake kilikuwa kimefutwa. Tuliiondoa ile gemu usiku uleule.

Kwa hiyo BandariDev, kabla ya umbo la menyu, jibu haya: begi likijaa kitu kipya kinaenda wapi? "Tupa" iko mbali na vidole kiasi gani? Na usiniletee "Una uhakika?" kila dakika, watu huigusa bila kusoma. Nipe "Rudisha" inayokaa sekunde kadhaa.

Kisiwani88
Pole sana dada. Lakini hilo ni kosa la vitufe, si la gridi. Na begi kujaa ni sehemu ya mchezo. Kwenye gemu ya Resident Evil 4 ya 2005, lile sanduku la silaha, kuligeuzageuza bunduki ili dawa moja ipate pa kukaa ilikuwa starehe kamili.

Nyota_ya_Tanga
Ilikuwa starehe kwa sababu pale hukusanyi vijiti na mawe saa nzima. Gemu ya kuokota vitu 90 ukiiwekea sanduku lile, mchezaji atapanga begi kuliko kuvua. Angalia gemu ya shamba ya Stardew Valley: begi lina nafasi 12 mwanzoni, unanunua 24, kisha 36. Kubana kupo, ila kunalegea kadiri unavyokua.

Kisiwani88
Basi afadhali begi libanwe kwa nafasi kuliko kwa uzito. Gemu ya Skyrim ilikuwa na uzito, na orodha yake kwenye kompyuta ilikuwa ngumu mpaka wachezaji wakatengeneza wenyewe SkyUI, menyu mbadala. Hiyo ni orodha, Nyota. Hiyo B yako.

Nyota_ya_Tanga
Ilikuwa orodha isiyopangika kwa safu za thamani na uzito. SkyUI nayo ni orodha, iliyofanywa vizuri.

mkulima_pixel
Mnazunguka tatizo lake la pili, kwamba watu hawajui kinachowezekana. Gemu ya Terraria ina yule Guide, mhusika wa kuelekeza: unampa malighafi, anakuonyesha vyote vinavyotoka humo. Hiyo ndiyo dawa. Mtu aguse kamba, aone dema, nyavu, nanga. Kinachopungua kiandikwe hapohapo, "mbao 2 zaidi". Kwenye gemu ya Zelda ya 2017 ulikuwa unashika viungo mkononi upya kila unapopika. Ya 2023 wakakuwekea kumbukumbu ya ulivyokwisha kupika. Ugundue mara ya kwanza, mara ya kumi usisumbuliwe.

Duara sahau. Linabeba vitu vinane na basi, linafaa kubadilisha jembe na ndoano tu.

BandariDev
Hii ya kugusa kamba nimeipenda mno. Ila ikienda hivyo, A na B zinaanza kuchanganyika na sijui mchoraji nimwambie nini. Duara naliweka pembeni.

Bwejuu_pwani
Kaka, mimi si mtu wa gemu sana, nimevutiwa na makumbi. Makumbi hayasokotwi yakiwa mabichi. Kwetu Unguja hufukiwa ufukweni yakalowa maji ya bahari miezi, ndipo yakafukuliwa, yakapondwa, yakasokotwa. Ukimfanya mtu aokote kumbi na apate kamba papo hapo, watu wa pwani wataliona.

FundiSkrini
Hiyo inabadilisha menyu yote. Sasa kuna kitu kinachosubiri. Mchezaji ataonaje kwamba makumbi yake yako njiani? Michoro yote mitatu haina pa kuonyesha muda.

BandariDev
Kweli, haina. Ngoja nifikirie kama shimo la makumbi liwe kitu unachokiendea ufukweni badala ya kuwa ndani ya menyu. Bwejuu, na ngalawa je? Nimeweka gogo la mwembe.

Bwejuu_pwani
Mwembe ni sawa, ndio wenyewe. Lakini usimpe mtu achonge peke yake na shoka moja. Weka na tezo, lile la kuchongea ndani ya gogo.

Kisiwani88
Tezo kwenye gridi ingeonekana vizuri sana: chuma juu, mpini chini.